Mama Mkwe Kaniletea Mke Mwenza Nimshonee Gauni la Harusi

"Mpime vizuri, na usimbane tumbo. Humo kuna mjukuu wangu!"

Ni mama mkwe wangu huyo, jamani! Kasimama katikati ya ofisi yangu ya ushonaji, saa nne asubuhi, wateja wawili wako kwenye benchi wanasubiri nguo zao. Kamshika mkono msusi wa saluni ya mtaa wa pili, binti ambaye hata sare zake za kazi namshonea mimi.

"Mjukuu wako... kwa nani, mama?"

"Kwa mwanangu! Mume wako! Miaka tisa unakula na kulala tu, ulidhani tutakungoja mpaka lini? Harusi wiki tatu zijazo. Shona gauni."

Wateja wakajifanya wanaangalia simu.

Mnajua nilifanya nini? Nilichukua futi nikampima! Kifua. Kiuno. Tumbo... Futi ikanidondoka mara mbili.

"Mimba ya miezi mingapi?"

"Mitano," alijibu msusi, macho chini.

Nikampigia mume wangu. Ni fundi umeme, alikuwa anafunga nyaya jengo la jirani. Akaja na vumbi lake. Kumwona mama yake na yule binti, akataka kugeuza. Nikawahi mlango.

"Mwambie mama yako daktari alisema nini."

"Mke wangu, tuongee nyumbani..."

"Mwambie!"

Akaanza kujipangusa vumbi la suruali.

Sasa niwaambie ninyi. Mwaka wa tatu wa ndoa tulipima wote wawili. Mimi mzima. Yeye akaambiwa hana mbegu kabisa, wala haitibiki. Alinililia mapajani kama mtoto, akaniomba asijue mtu. Nikakubali! Miaka sita nikaitwa tasa, mama mkwe na mawifi wakaniita gogo mbele za watu, naye kakaa pembeni anashushia soda.

"Mwanao ndiye hazai, mama. Si mimi."

"Muongo mkubwa wewe! Na hili tumbo je?"

Nikamgeukia msusi. Nilitaka aumbuke mchana kweupe.

"Haya, sema mimba uliyombambikia mume wangu ni ya nani!"

Binti akaangua kilio.

"Sijambambikia! Anajua! Alinikuta na mimba tayari. Aliyenipa mimba alinikimbia... huyu akasema atanioa, mradi nimwambie mama yake kuwa ni yake."

Mama mkwe akakaa juu ya vitambaa vya watu.

Mara ngapi nilimpigia magoti mume wangu tuchukue mtoto asiye na wazazi, tumlee? Jibu lake lilikuwa lile lile: "Silei damu ya mtu."

"Kwa nini?" nikamuuliza.

"Nilitaka mama anyamaze tu."

"Na mimi je?"

Akaniangalia usoni, hana hata aibu.

"Wewe si umeshazoea kusemwa?"

Umeshazoea!!

Sikumpiga. Nilifungua mlango, nikawaambia watoke wote watatu kabla sijashika mkasi. Mama mkwe akabaki nyuma, sauti imelainika ghafla.

"Mwanangu... tafadhali, haya yaishie humu humu."

Miaka tisa! Siku hiyo ndiyo nikaitwa "mwanangu".

"Hapana, mama," nikamwambia. "Nimemfichia mwanao inatosha. Kama mna aibu, sasa ibebeni wenyewe."

Talaka yangu ninayo, mwezi wa pili huu.

Dada unayesoma hapa, siri ya mumeo itunze ukitaka. Lakini mwanaume anayekaa kimya wewe ukitukanwa kwa kasoro yake, huyo hakupendi hata kidogo. Kakufanya ngao. Na siku atakapopata ngao nyingine, atakutupa bila kugeuka nyuma.

Na ninyi mawifi mlioniita gogo, najua mnasoma. Haya, endeleeni kusoma.