Betri ya Mara Ishirini

Betri ya Muthoki ilikufa Jumatatu saa nne asubuhi, mbele ya darasa zima la saba, ilipochajiwa kwa mara ya saba. Katika daftari lake alikuwa ameandika kwamba ilikuwa imechajiwa mara ishirini na bado ilikuwa na nguvu.

Ilikuwa mwezi wa Machi, mwaka wa 1998. Maonyesho ya sayansi ya wilaya yalikuwa Ijumaa, mjini Kajiado, na kila shule ilipeleka kazi moja tu. Shule ya Muthoki, hapo Kitengela, ilikuwa na kazi mbili nzuri. Moja ilikuwa betri yake. Nyingine ilikuwa jiko la Kiama, mwenzake wa darasani, la kutumia vumbi la mbao, ambalo alilitengeneza kwa debe na udongo. Mwalimu Waruguru alizipima kazi hizo kwa wiki nzima. Mwishowe alichagua betri, kwa sababu ya ile ishirini.

"Unganisha tena," mwalimu alisema.

Muthoki aliunganisha. Balbu ya tochi haikuwaka. Alikaza nyaya kwa meno. Haikuwaka.

"Mwalimu, labda imechoka kuhesabiwa," Kiama alisema kutoka nyuma.

Darasa lilicheka. Muthoki hakucheka. Asubuhi hiyo alikuwa amebeba betri ya gari ya mjomba wake mpaka shuleni ili awaonyeshe wenzake ile betri ya mara ishirini ikichajiwa. Asidi ilikuwa imemwagikia sketi yake. Sasa alisimama pale na tundu kubwa kama kifuniko cha soda kwenye sketi, na mikebe miwili ya betri yake, iliyokufa, mezani.

"Nenda nayo nyumbani uiangalie," Mwalimu Waruguru alisema. "Kesho uniambie kilichoharibika."

Mjomba wake, Maundu, alikuwa na kibanda cha kuchaji betri kando ya barabara ya Namanga. Stima ilifika madukani tu. Waliokaa mbali na nguzo za umeme walitumia betri za magari kwa redio na televisheni, na zilipokwisha walizileta kwa Maundu. Wengine walizileta kwa mkokoteni. Nalotuesha, mama mmoja kutoka ng'ambo ya mto, alileta yake juu ya punda, kwa mwendo wa saa tatu.

Muthoki alipofika kibandani mchana huo alimkuta Nalotuesha ameketi juu ya gurudumu kuukuu. Muthoki aliinamisha kichwa, na mama yule akamgusa utosini kwa kiganja, kama Wamaasai wanavyowasalimu watoto.

"Supa, mtoto wangu. Ile betri yako ya kubebwa kwa mkono iko wapi? Mjomba wako ameniambia inachajiwa mara ishirini. Nitengenezee moja ya redio. Punda wangu amezeeka."

"Bado, Yeyo," Muthoki alijibu, akimwita mama kwa Kimaasai, akaangalia chini.

"Maundu, na wewe fanya haraka! Nataka kurudi kabla ya mvua."

"Nimeweka moto mkubwa, mama. Saa mbili tu."

Hivyo ndivyo Maundu alivyofanya kazi siku zote. Mteja aliyetoka mbali hakukaa sana. Betri yake iliwekewa moto mkubwa, yaani umeme mwingi kwa muda mfupi, akaenda zake. Muthoki alikua akiona hivyo.

Nalotuesha alipoondoka na punda wake, Maundu alifuta mikono na kuvuta mikebe ya Muthoki karibu.

"Imekataa?"

"Imekataa, mjomba."

"Basi tufungue. Gari likikataa kuwaka hatulilii. Tunafungua boneti."

Muthoki ndiye aliyeifungua, kwa kuwa ndiye aliyeiunda. Kila mkebe ulikuwa wa plastiki, wa siagi. Ndani, kuzunguka ukuta, kulikuwa na bati la zinki. Alilipata kwa kupasua mawe ya tochi, yaani betri ndogo za dukani, yaliyokwisha nguvu, yale ambayo watu huyaanika juani yapate nguvu kidogo kabla ya kutupwa. Katikati kulikuwa na unga mweusi na kijiti cheusi cha kaboni, vyote kutoka mawe hayohayo. Baina ya zinki na unga kulikuwa na kitambaa, ili viwili hivyo visigusane. Juu yake alimimina maji yenye chumvi ya zinki, ambayo mwalimu alimwombea katika shule ya sekondari. Mawe ya dukani yakiisha yameisha. Muthoki alitaka yake ikiisha ichajiwe, iishe, ichajiwe tena.

Maundu alichukua bati la zinki, akalikunja kidogo kwa vidole.

"Ilichajiwa mara ngapi?"

"Ishirini."

Maundu aligeuza bati. Akalikunja tena. "Mara ishirini, basi imezeeka tu. Zinki imeliwa. Hakuna cha kutafuta hapa, weka nyingine mpya." Halafu akakuna kidevu. "Lakini hii haijaliwa. Tazama, bado ni nene. Na unga haujakauka. Kitu kilichofanya kazi mara ishirini hakikai hivi. Sielewi."

Muthoki naye alitazama. Kweli zinki ilikuwa nene. Hata yeye alitaka kujua kwa nini imekufa. Alitaka kujua kuliko kitu chochote, na aliona wazi kwamba mjomba wake alikuwa anaelekea kutafuta mahali pasipo na kitu.

"Mjomba," alisema, "si ishirini."

"Ni ngapi?"

"Ni sita. Ya saba ndiyo ya leo."

"Na ishirini ilitoka wapi?"

"Mwalimu alitaka daftari Ijumaa iliyopita, na Kiama jiko lake lilikuwa tayari. Nilifikiri ikiwa imekubali sita, itakubali hata ishirini. Nikaandika."

Maundu aliliweka bati chini. Hakupaza sauti.

"Mimi niliacha shule darasa la sita," alisema. "Fizikia sijui. Lakini mtu akiniletea gari aniambie limesimama jana, kumbe limelala mwezi, nitashinda nikifungua vitu ambavyo havina makosa. Unaona? Ungenidanganya mpaka jioni ningetupa hii yote kwenye taka. Ulidanganya mwalimu, na fundi pia. Kesho utamwambia mwalimu. Haya, sasa ni sita. Sasa tunaweza kuanza. Kwa nini ife mapema hivyo?"

Muthoki alikitoa kitambaa polepole na kukiinua kwenye mwanga wa jua. Kilikuwa na vitone vyeusi. Alipitisha kidole, kikamkwaruza.

"Mjomba, kina miba!"

Maundu alitafuta kioo chake cha kusomea maandishi madogo kwenye vipuri. Walitazama wakipokezana. Juu ya zinki kulikuwa kumeota vitu vya kijivu, vyembamba kama nywele, vingine na matawi. Vilikuwa vimetoboa kitambaa vikatokea upande wa pili, kama nyasi zinavyotokeza ardhini baada ya mvua.

"Ni zinki yenyewe," Muthoki alisema. Alikuwa akiongea haraka sasa. "Ikitumika, zinki inayeyuka ndani ya maji. Ukichaji, inarudi kwenye bati. Lakini haikurudi sawasawa. Imerudi ikiwa miba, miba ikagusa unga mweusi. Ndiyo maana umeme umepotelea ndani!"

"Kwa nini isirudi sawasawa?"

"Sijui."

"Uliichaji na nini?"

Muthoki alionyesha. Ili umeme wa betri ya gari usiichome betri yake, alikuwa ameupitisha kwanza katika balbu ya breki ya lori. Balbu kubwa hupitisha umeme mwingi. Mikebe ilijaa kwa dakika ishirini.

Walitazamana. Maundu ndiye aliyecheka kwanza.

"Nani alikufundisha moto mkubwa?"

"Wewe, mjomba."

"Ya gari inavumilia, tena kidogo tu. Hiyo yako ni mtoto mchanga, unamlisha kwa beleshi." Aliingiza mkono ndani ya kopo la vipuri na kutoa balbu ndogo kama punje ya maharagwe. "Hii ni ya dashibodi. Itakuchukua saa tano. Jaribu."

Siku iliyofuata Muthoki alimfuata Mwalimu Waruguru kabla ya kengele na kumwambia yote. Mwalimu alilichukua daftari, akapiga mstari mmoja juu ya ishirini, akamwambia aandike sita kando yake na kutia sahihi. Kisha alimpeleka mbele ya darasa.

"Kiama," Muthoki alisema. Sauti ilikuwa ndogo, akairudia. "Kiama, betri yangu ilichajiwa mara sita. Niliandika uongo. Nafasi ya Kajiado ilikuwa yako. Naomba unisamehe."

Kiama aliinuka nusu, akakaa.

"Lakini mwalimu, sina jiko," alisema. "Niliambiwa sikuchaguliwa, nikabomoa udongo Jumamosi. Mama anachotea maji na lile debe."

"Tuna leo, kesho na keshokutwa," Mwalimu Waruguru alisema. "Utaliunda upya. Muthoki atakukandia udongo."

Aliukanda. Siku tatu mfululizo, saa ya chakula na baada ya masomo, alikanda udongo wa mfinyanzi mpaka mikono ikapasuka. Lakini jiko la udongo linataka wiki mbili za kukauka, na lile lilipata siku tatu, tena za mawingu. Ijumaa, mjini Kajiado, mbele ya waamuzi, Kiama aliliwasha. Udongo ulipata moto, ukalia kama kijiti kinachovunjika, ukapasuka kutoka juu mpaka chini. Alirudi bila cheti.

"Umeona, Sita?" alimwambia Muthoki Jumatatu. Hilo ndilo lililokuwa jina lake sasa. Hakulisema kwa ubaya, lakini hakucheka pia.

Muthoki hakuacha betri. Likizo ya Aprili ilipofika aliunda mikebe miwili inayofanana kabisa. Mmoja aliuchaji kwa balbu ya breki, mwingine kwa balbu ya dashibodi. Kila mmoja aliuchaji mara nne, kisha akaifungua yote. Wa kwanza ulikuwa na miba. Wa pili ulikuwa na zinki laini, yenye rangi ya kijivu iliyotulia, na vipele vidogo tu pembeni. Alipiga kelele peke yake kwa furaha mpaka mteja mmoja akauliza kama ameumwa na nyuki.

Hapo akaendelea. Alikunja kitambaa mara tatu badala ya moja. Alilainisha bati kwa msasa kabla ya kuliweka, kwa sababu aliona miba ilipenda kuanza mahali penye makwaruzo makubwa na pembe kali. Kila siku aliichaji mara mbili, kwa saa tano kila mara, akaandika alichokiona wala si alichokitaka. Mara ya tisa mkebe mmoja ulivuja. Aliandika "umevuja", akaanza tena kutoka moja. Kiama alipita siku moja kuangalia, akakaa, na kesho yake akarudi na kipande cha mpira wa gurudumu cha kuzibia mkebe usivuje.

Shule ilipofunguliwa, daftari lilisema ishirini na tatu. Balbu ya tochi ilikuwa ikiwaka kwa mwanga uliopungua kidogo, na hilo pia lilikuwa limeandikwa.

Nalotuesha alikuja na punda wake, akaiona. "Hii itakwenda mara ngapi?"

"Ishirini na tatu imekwenda, Yeyo. Baada ya hapo sijui. Na usimruhusu mtu yeyote aiwekee moto mkubwa."

"Hujui?"

"Sijui."

Mama yule aliipima kwa mkono, akaiweka ndani ya shuka lake. "Sawa. Ikifa nitakuletea, nawe utafungua uone." Akaondoka akiwa ameibeba mwenyewe, punda akimfuata bila mzigo.

Mwalimu Waruguru alisoma daftari lote akiwa amesimama. Alipomaliza alimwita Muthoki na Kiama ofisini.

"Kazi hii ni nzuri," alisema. "Mwaka ujao itakwenda Kajiado, na Kiama atakuwa msaidizi wako kama anakubali. Lakini sikiliza. Sita ilikuwa nambari ndogo, na ulionea aibu nambari ndogo. Ndiyo hiyo iliyokuonyesha miba. Kama ungebaki na ishirini, ungeutupa mkebe bila kutafuta, kwa sababu kitu kilichozeeka hakichunguzwi. Mtu anayetaka kujua hawezi kudanganya, maana wa kwanza kudanganywa ni yeye. Sasa fungua ukurasa wa mwisho. Andika ile ishirini iligharimu nini. Usiongeze, usipunguze."

Muthoki aliketi, akafikiri, akaandika. Kisha akamsomea mwalimu, Kiama akisikiliza:

"Sketi moja ya shule. Nafasi moja ya Kajiado. Siku tatu za kukanda udongo. Na jiko moja la Kiama, ambalo halikuwa na kosa lolote."