Chukua Hiyo Hiyo

Kazini walimwita Hiyohiyo, naye hakujua. Alikuwa mtunza stoo wa karakana kubwa, mtu wa kukaa nyuma ya kidirisha na kugawa buti, glavu na kofia za kazi. Ukipewa buti inayokubana ukalalamika, jibu lilikuwa moja tu. "Chukua hiyo hiyo. Anayefuata!" Hata macho hakuinua. Watu walichechemea mwaka mzima kwa sababu ya uvivu wa shingo yake.

Na bwana huyo ndiye aliyetegemewa kuleta zawadi nyumbani.

Alikuwa amekwenda mjini kwa mdogo wake, mapumziko ya mwisho wa mwaka. Alikula, akalala, akalisema vibaya godoro la watu. Jioni ya mwisho, jua likizama na basi la kurudi likiwa la alfajiri, ndipo alipokumbuka kwamba hana hata kiberiti cha kupeleka. Akatoka amenuna, utadhani mama yake, mke wake na binti yake wamemkosea kwa kuwepo tu duniani.

Binti alikuwa amempigia mchana. "Baba, usisahau changu."

"Kipi?"

"Si nilikwambia!"

Simu ikakatika. Tuseme ukweli: aliikata yeye.

Madukani watu walikuwa wamejaa. Mama mmoja alikuwa akipima kitambaa begani kwa mumewe, anamuuliza kama shangazi ataipenda ile rangi. Mwingine ananusa sabuni moja moja, amefumba macho. Hiyohiyo aliwapita akibetua midomo. Watu wazima na akili zao, kupoteza jioni nzima kwa ajili ya sabuni!

Mwisho wa ujia, nyuma ya duka la masanduku, aliona kiduka kidogo kisicho na mtu. Akaingia. Hakuvutiwa na chochote, alichukia foleni tu.

Ndani kulinuka nguo zilizofungiwa muda mrefu. Kelele za nje zilikatika mara moja, kama mtu amefunga bomba.

Muuzaji alikuwa amempa mgongo. Mtu wa kimo chake. Alipogeuka, Hiyohiyo alimtazama usoni... akaangalia rafu... na tayari alikuwa amesahau sura yake ilivyo. Lakini lini yeye alikumbuka sura ya mtu?

"Karibu," muuzaji alinong'ona. "Za nani?"

"Mama, mke na mtoto wa kike. Nifungie haraka."

"Mama anapenda nini?"

"Mama ni mama. Weka chochote."

"Mke anavaa viatu namba ngapi?"

"Nitajuaje?"

"Na mtoto... aliomba nini?"

Hiyohiyo alipandwa na hasira. "Bwana, umekuwa polisi? Wale watu wa nyumbani wanaridhika na chochote. Chagua wewe."

Mikono ya muuzaji ikasimama juu ya karatasi.

"Nichague mimi?"

"Si ndiyo kazi yako?"

"Nikichagua mimi," muuzaji alisema polepole, "asante ni zangu."

Hiyohiyo alicheka mpaka akakohoa. "Chukua zote! Zina kazi gani kwangu?"

Muuzaji akafunga vifurushi vitatu. Alifunga kwa upole, kama anayemfunika mtoto aliyelala. Hiyohiyo alipoingiza mkono mfukoni, mwenzake alitikisa kichwa.

"Nimeshalipwa."

Mtu mwenye akili angerudisha vifurushi juu ya meza na kukimbia. Huyu wetu alitoka akipiga mluzi, anajipongeza kwa kupata vya bure.

Ndani ya basi aliupakata mfuko. Alikuwa ameanza kusinzia, akasikia.

Fiii...

Sauti nyembamba, kutoka mapajani mwake. Jirani yake hakushtuka. Akaufungua mfuko: vifurushi vilikuwa vimetulia.

Fiii...

Na ile harufu ya nguo za sandukuni ikamjia, karibu kabisa na sikio, kama pumzi. Alijiambia ni abiria wa nyuma hajaoga.

Alifika kwake giza likianza kuingia. Mama yake alikuwa kitini, mke anapanga sahani, binti akamrukia. Hakuwasalimu vizuri. Aliutua mfuko mezani, akasema, "Haya, gawaneni."

Mama alifungua cha kwanza. Shali ya kahawia, yenye mshono wa kijani pembeni. Akaupapasa ule mshono kwa kidole.

"Hii... baba yako alininunulia kama hii ulipozaliwa. Iliibwa kwenye kamba. Umejuaje, mwanangu?"

Hiyohiyo hakujua lolote. Mama akainua uso wenye machozi. "Asante."

Lakini hakumtazama yeye. Aliangalia juu ya bega lake, mlangoni.

Hiyohiyo aligeuka. Hapakuwa na mtu.

Mke alifungua cha pili. Viatu. Akavaa, akasimama, akakaa tena ghafla. Kiatu cha kushoto kilikuwa kipana kidogo kuliko cha kulia. Mguu wake wa kushoto ulivunjika zamani na haukurudi sawasawa. Miaka yote ya ndoa alivaa viatu vinavyomuumiza, na mumewe hakuwahi kuuliza kwa nini anavivua mlangoni kabla hata hajasalimu.

"Asante, mume wangu," alisema. Naye akitazama mlangoni.

Hiyohiyo akataka kusema neno. Koo likatoa hewa tupu. Alimshika mke bega, mke akajipangusa pale begani kama mtu aliyeguswa na utando wa buibui.

Sasa aliogopa. Aliogopa kwelikweli, pengine kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Binti alikuwa anafungua cha tatu.

Filimbi.

"Niliyoomba! Ile ile!"

Hiyohiyo alipiga magoti mbele yake. Akatikisa kichwa, akamziba mdomo kwa kiganja. Usiseme, mwanangu. Usiseme. Mtoto alipitisha macho katikati ya vidole vyake kama hakuna kitu, akatabasamu kuelekea mlangoni.

"Asante, baba!"

Hodi ikapigwa.

"Mbona unabisha kwako?" mke alicheka, akaenda kufungua.

Mtu aliyeingia alikuwa wa kimo chake. Shati lake. Sura... sura ile Hiyohiyo aliikumbuka mara hii. Aliinyoa kila asubuhi kwenye kioo.

Mtu yule alimwinamia mama kwa salamu. Akamuuliza mke kama kiatu kinabana. Akamnyanyua binti. Harufu ya sandukuni ikajaa chumbani, na hakuna aliyekunja pua.

"Na huyu uliyekuja naye?" mama aliuliza, akimwonyesha Hiyohiyo kwa kidevu.

"Mtu wa kwenye basi. Alinibebea mfuko."

"Mama! Ni mimi!" Sauti ilirudi, lakini haikuwa yake. Ilikuwa mnong'ono.

"Maskini," mama alisema. "Mpeni chochote aende zake."

Binti alitazama huku na huku. Akamgeukia Hiyohiyo, amekunja uso kwa kufikiri. "Anapenda nini?"

"Watu wa hivyo wanaridhika na chochote," yule mtu alijibu.

Mtoto akatungua kofia kuukuu ya kazini iliyoning'inia msumarini. "Nimpe hii?"

"Mpe hiyo hiyo."

Akaiweka mikononi mwa baba yake. Na Hiyohiyo, mtu ambaye hakuwahi kushukuru hata aliyemwokota njiani, alisikia mdomo wake ukifunguka wenyewe.

"Asante."

Neno likapita juu ya kichwa cha mtoto, likaenda kwa yule mtu aliyechagua. Mlango ukafungwa. Komeo likaingia. Nje, kizani, aliendelea kusikia filimbi na vicheko.

Siku hizi ukienda kwenye kidirisha cha stoo, mtu anainua macho. "Unavaa namba ngapi? Hebu nione mguu." Wafanyakazi wanasema mapumziko yamemtengeneza mwenzao. Jina la Hiyohiyo limesahaulika. Kuna mmoja anayelalamika kwamba stoo inanuka nguo za zamani, lakini buti zake zinamtosha, kwa hiyo halalamiki sana.

Nyumbani wana furaha. Hilo ndilo linaloudhi kuliko yote, kwamba wana furaha.

Ila binti huwa anaacha filimbi katikati ya wimbo, anatazama ule msumari mtupu ukutani.

"Baba, yule mtu wa kofia... alikuwa anapenda nini?"

Baba yake, anayejua kila mtu anapenda nini, huendelea kula kana kwamba hakusikia.