Namba Saba Iliyocheleweshwa

Maiti ya fundi ilikutwa ndani ya pipa kubwa la kuchanganyia sabuni. Mikono ya chuma ya mashine ilikuwa imemvunja mbavu zote. Kiwandani kote walimwita Spana, na wote waliapa kwamba hakuwa na adui. Inspekta alikuwa amesikia kiapo hicho kwenye kila maiti, na hakikumnyima usingizi.

Mwendeshaji wa mitambo, dada mwembamba, alikuwa ameshatiwa pingu.

"Skrini ya mashine haifichi, afande," alisema mhandisi wa mtandao, shemeji wa marehemu. "Imepokea 'simama', kisha 'anza'. Huyu kawasha mashine mwenzake akiwa ndani."

"Nilituma 'anza' kwanza!" dada alilia. "Ndipo Spana akapiga simu, anataka kuingia kusafisha, nikatuma 'simama'. Au... sijui tena. Labda mkono wangu uliteleza."

Inspekta alichukia kuona mtu akisukumwa hadi ajishuku mwenyewe. Akavuta kiti.

"Mhandisi, skrini inaonyesha kilichotumwa au kilichofika?"

"Kilichofika."

"Na ujumbe hupita njia moja?"

"Njia mbili. Lakini kila ujumbe una namba yake. Kama wagonjwa kliniki: wa namba nane akitangulia mlangoni, anamsubiri wa saba."

"Nionyeshe namba."

Mhandisi alisita, akabonyeza. "Anza" ilikuwa namba saba. "Simama" ilikuwa namba nane.

Dada akainua kichwa.

"Basi mtandao ulichelewa," mhandisi akasema harakaharaka. "Ni ajali. Kazi ya Mungu."

"Mungu tumwache kwanza. Nane ilipotangulia, mashine ilipaswa kuisubiri saba. Haikusubiri. Ilitii, ikawasha taa ya kijani, na hapa hakuna fundi anayeingia bila taa hiyo. Spana akaiona, akaingia. Saba ikafika, pipa likazunguka. Nani aliiondoa hiyo kanuni ya kusubiri?"

Mhandisi aligeukia skrini.

"Nani mwenye neno la siri la kuiondoa?"

"Mimi peke yangu."

"Kwa nini uliiondoa?"

"Ilipunguza kasi. Nilipoiondoa mitambo ikakimbia, wakanipandisha cheo."

"Na saba, nani aliishikilia njiani? Usinichoshe, bwana. Wataalamu wangu wameikuta amri ya kuishikilia kwenye kompyuta yako."

Mhandisi alifuta jasho kwa kiganja. Jeuri yote ilikuwa imemwishia.

"Spana aligundua kwamba nimeiondoa kanuni. Akaniambia, 'Shemeji, kabla hatujauana humu, nenda kwa meneja ukaseme mwenyewe. Usipokwenda, nitakwenda mimi.' Ningerudi kuvuta nyaya kama kibarua! Nilijua leo ni zamu yake ya kusafisha. Nikaishika 'anza', nikangoja taa. Nilimsikia akiimba ndani ya pipa. Ndipo nikaiachia."

"Kaka wa mke wako," Inspekta akasema kwa uchungu.



Inspekta alizifungua pingu mikononi mwa dada, akamfunga nazo mhandisi.

"Kwa hiyo si mimi, afande?" dada aliuliza kwa sauti ndogo. "Kweli si mimi?"

"Si wewe, mwanangu. Kazi yako uliifanya sawasawa."

Dada aliketi sakafuni palepale. Tangu asubuhi alikuwa akijililia mwenyewe. Sasa ndipo alipopata nafasi ya kumlilia Spana.