Kabati la Kumi na Saba

Mwanzo ilikuwa namba tu. Kwenye kompyuta ya zamu, kabati la kumi na saba lilionyesha joto la nyuzi thelathini na saba, wakati makabati mengine yote ya ukumbi yalikuwa kwenye ishirini na mbili kama inavyotakiwa. Mama Pacha, fundi wa zamu ya mchana, aliitazama ile namba huku amekunja uso. Kabati lile lilikuwa tupu. Mteja wake alihama miezi mitatu nyuma, seva zake zikafunguliwa skrubu moja moja zikaondoka kwenye maboksi. Hata waya wa umeme haukufika pale.

"Kipimajoto kimekufa hiki," akajisemea. Akachukua kipya kwenye droo, akaingia ukumbini.

Ukumbi ule haukuwa na dirisha. Ulikuwa na safu nne za makabati ya chuma, taa ndogo za kijani zikikonyezana, na mvumo wa feni usiokatika. Humo ndimo zilimohifadhiwa tovuti za watu: maduka, shule, magazeti, hospitali moja kubwa. Kazi yote ya mafundi ilikuwa neno moja: zisizime.

Alipoushika mlango wa la kumi na saba, akaurudisha mkono upesi. Haukuunguza. Ulikuwa vuguvugu tu, kama mto wa kulalia ambao mtu ameondoa kichwa juu yake sasa hivi. Na kwenye matundu ya mlango ilitoka harufu ya kinywa kilichoamka. Akabandika kipimajoto kipya. Thelathini na saba.

Meneja alicheka alipoambiwa. Walimwita Asilimia akiwa hayupo, maana hakuweza hata kuagiza chai bila kutaja asilimia.

"Mama Pacha, kabati tupu linakukosesha raha? Mwezi wa pili huu hatujazima hata sekunde. Mia kwa mia! Mwache apumzike." Akajikuna shingo. "Liache, nilitaka kusema."

Na kuhusu kutozima alisema kweli. Diski zilizokuwa mahututi zilipona zenyewe. Siku umeme wa mji ulipokatika, jenereta lilichelewa kuwaka kwa sababu ya hewa kwenye bomba la mafuta, na betri za akiba, ambazo zilikuwa zimechoka, zilipaswa kukata roho mapema. Ukumbi haukupepesa hata jicho. Babu Dizeli, mlinzi na tabibu wa jenereta, alitoka bandani akifuta mikono kwa kitambaa, na hakufurahi hata kidogo.

"Sekunde arobaini, mwanangu," alimnong'oneza Mama Pacha. "Nimehesabu mwenyewe. Betri zile haziwezi hata ishirini. Sasa nani alitushikia?"

Mama Pacha alikuwa na jambo jingine nyumbani. Mumewe alikuwa fundi wa viyoyozi vya ukumbi huohuo, zamu ya usiku, ili mmoja wao awe na watoto kila wakati. Siku hizi alirudi asubuhi hataki kula, hataki maneno. Halafu mmoja wa mapacha akamwambia mama yake, bila wasiwasi wowote, kama anayeomba maji: "Mama, baba analala amesimama."

Siku ya pili yake aliomba ruhusa, akarudi nyumbani saa sita mchana. Mapazia yalikuwa yamefungwa. Mumewe alikuwa amesimama kando ya kitanda, uso umeelekea ukutani, macho wazi, na kifuani mwake mlikuwa mnatoka mvumo mwembamba usio na pumzi, usiopanda wala kushuka.

"Baba Pacha," akaita polepole.

Hakugeuka. Akamgusa paji la uso, likawa baridi kama chuma. Alikwenda kabatini akatoa kipimajoto cha kidijitali alichotumia kupima maji ya kuwaogeshea watoto, akakibana kwapani mwa mumewe, akasubiri, na kilipolia akakisoma, akakifuta kwa kanga, akakirudisha tena kwa sababu hakuna mtu aliye hai anayeweza kuwa na joto lile, na mara ya pili kikasema vilevile: ishirini na mbili.

Akakaa kitandani.

"Umefanya nini, mume wangu?"

Mvumo ukakatika. Sauti ya mumewe ikatoka kwa taabu, kama ya mtu anayesukuma mlango mzito.

"Viyoyozi vilikufa vyote kwa pamoja. Joto likapanda. Nilikuwa peke yangu, nikajua tukizima, kazi imekwisha, yangu na yako. Nikapiga magoti kati ya makabati. Nikasema, yeyote aliyepo, nisaidie, isizime." Akameza mate. "Sikusema namwomba nani. Feni zikaanza kuzunguka. Nikasikia mlango wa kabati unafungwa kwa ndani."

Mama Pacha alipomsimulia, Babu Dizeli alisikiliza yote ameinama. Mama yake alikuwa mganga, na yeye mwenyewe, kabla mafuta hayajampa jina, alimbebea mkoba wake miaka mingi.

"Huyo ni wa mahali pasipolala," akasema. "Amepewa kazi, naye kwa kazi hiyo anachukua joto la aliyemwajiri. Likimwishia mumeo, atatafuta la mwingine. Kumtoa ni kupalaza usingizi mahali penyewe. Kila taa, kila feni. Unaweza?"

"Kuzima ukumbi mzima?" Mama Pacha akauliza. Miaka tisa alikuwa ameota jinamizi moja tu, na lilikuwa hilo.

Alipiga simu hospitali kwanza, akawaomba waandike wagonjwa kwenye karatasi kwa robo saa. Wengine hakuwaambia. Saa nane mchana, Asilimia akiwa ghorofani na wageni, walimwingiza mumewe ukumbini wakimshika mikono. Babu Dizeli alilifunga jenereta lisiwake. Mama Pacha akatenganisha betri, akashika swichi kuu, akafumba macho, akavuta.

Feni zilikufa safu kwa safu, taa za kijani zikafumba moja baada ya nyingine, na kimya kikashuka, kimya ambacho ukumbi ule haukuwahi kukijua tangu ujengwe, na ndani ya kimya hicho, katika giza ambamo hakuweza kuuona hata mkono wake, Mama Pacha alisikia kitu kimoja tu kikiendelea, feni mbili za la kumi na saba, zikizunguka bila umeme, polepole, zikivuta hewa na kuitoa, zikivuta na kuitoa.

"Aliniomba," ikasema sauti kabatini. Ilikuwa sauti ya mumewe, wakati mumewe yuko hapa, mkononi mwake, na mdomo wake, alipoupapasa, umefumbwa.

"Alikuomba isizime," Mama Pacha akajibu. "Imezima. Nimezima mimi. Huna kazi tena hapa."

Feni zikasita. Babu Dizeli akaweka kinywa sikioni mwa mgonjwa, akamwita kwa jina lake la utotoni aliloambiwa na Mama Pacha, lile ambalo mama yake mzazi alimwitia uji, akaliita mara tatu. Mlango wa kabati ukafunguka. Kitu kikubwa, chenye joto, kikapita katikati yao, kikiwasugua mabega kama mtu anayejipenyeza kwenye foleni, na nyaya chini ya sakafu zikachakarika kuelekea ukutani, pale zinapotoka kwenda mjini.

Mumewe akaanguka kama gunia. Mama Pacha akapapasa gizani, akakuta kifua kinapanda na kushuka. Alikuwa anakoroma. Akalia kwa furaha ya kukoroma kule.

Walipowasha umeme zilikuwa zimepita dakika kumi na moja. Akamwacha mumewe chini ya koti la Babu Dizeli, akapanda ghorofani kujisalimisha. Alimkuta Asilimia anawaonyesha wageni skrini kubwa ya ukutani.

"Meneja, nimezima ukumbi. Dakika kumi na moja."

Asilimia akatazama skrini. Tovuti zote zilikuwa kwenye kijani, saa nane, saa nane na tano, saa nane na kumi, bila pengo.

"Umezima nini?" akauliza. "Nenda kapumzike, Mama Pacha."

Alitoka mpaka kwenye korido, akampigia mteja wa kwanza aliyemkumbuka, mama mmoja mwenye duka la nguo za harusi.

"Samahani, mama. Tovuti yako ilizimika mchana huu?"

"Izimike wapi! Leo ndiyo imefunguka haraka kuliko siku zote. Na huyo mtu wenu mpya anayejibu wateja, hongereni."

"Hatuna mtu anayejibu wateja wako, mama."

"Mnaye. Ninamsoma hapa. Saa nane na dakika nne, bibi harusi mmoja ameandika, 'Mpo?'"

"Akajibiwaje?"

"Kajibiwa papo hapo." Yule mama alicheka kidogo. "Ila Kiswahili chake cha ajabu. Badala ya kusema tupo, kaandika, 'Nipo.' Na si huyo tu. Wote walioingia dakika zile kawaandikia hivyohivyo, hata wasiouliza kitu."