Mtungi wa Gesi ya Pwani

Kona ya tatu kabla ya kilele, gari-nyumba liliacha kumsikiliza Ornella. Alikata usukani kulia, likaenda kushoto. Alikanyaga breki, likateleza kinyumenyume na kuketi kitako kwenye mtaro wa barabara. Vyombo vilimwagika kabatini. Kisha kukawa kimya, na theluji ikaendelea kuanguka.

"Mama, umeumia?"

"Mbavu," alijibu mama mkwe wake, Notburga, akijishika ubavuni. "Zimo zote, ila zinagombana."

Theluji ya Septemba katika milima ya Alpi huja bila hodi. Wenye akili walikuwa wamepita chini, kwenye handaki, na saa hizi wanakunywa kahawa Italia. Lakini bibi huyo alikataa handaki katakata. "Chini ya ardhi nitaingia mara moja tu," alisema asubuhi, "na siku hiyo sitakuwa na haraka." Wakashika barabara ya zamani, ya juu.

Safari yenyewe ilikuwa ya kuagana. Leonhard, mume wa Ornella na mwana pekee wa Notburga, alikuwa amefariki Aprili. Mjane alikuwa anarudi kwao Italia, na safari hii hakuwa na mpango wa kurejea. Bibi aling'ang'ania kumsindikiza, kisha arudi Austria kwa treni, kwenye nyumba isiyo na mtu. Miaka yote waliyokaa pamoja walizozana juu ya kila kitu, kuanzia supu hadi mapazia, na wagombanao ndio wapatanao. Lakini hilo la kuachana hakuna aliyethubutu kuligusa.

Simu haikuwa na mtandao. Ornella aliwasha injini wapate joto.

"Zima!" bibi alifoka. "Bomba la moshi limefukiwa. Unataka watukute tumelala fofofo?"

Alizima, akaligeukia jiko. Alipiga kiberiti mara kadhaa bila kupata moto. Mtungi mdogo wa gesi ulikuwa mzito mkononi, ila hautoi kitu.

"Mtungi huu mliununua wapi?"

"Rimini. Mwaka jana, tulipokwenda baharini."

"Gesi ya pwani!" Notburga alitikisa kichwa. "Baridi ikija, inalala. Mtu wa milimani habebi gesi ya pwani. Mwanangu alilijua hilo. Alikuwa anaangalia nini?"

"Alikuwa ananiangalia mimi."



Ornella hakuweza kukaa. Walikuwa wamepita kibanda cha wachungaji huko chini, naye akataka kukifuata. Notburga alimfunga kiunoni kamba ya kuanikia nguo. "Ukirudi tulikotoka, upepo uwe usoni. Ukihama usoni, umepotea." Hatua chache tu, na gari likatoweka nyuma yake. Weupe ulikuwa juu, chini na pembeni. Alizama hadi kiunoni, akapapatika, akazama tena. Kamba ilimvuta, naye akaifuata kwa magoti hadi mlangoni. Bibi alikuwa ameishika kwa mikono miwili, licha ya maumivu ya mbavu, na uso umempauka.

"Vidole sivisikii, mama."

"Lete hapa." Notburga alivua koti na kuitia mikono ile kwapani mwake, ngozi kwa ngozi. Alisaga meno, asilalamike.

Jioni maji ya tangi yaliganda. Koo zikakauka. "Usile theluji," bibi alionya, "itakula joto lako." Walijifunika kila kilichofunika. Notburga alitetemeka, akatetemeka, halafu akaacha. Ornella alifikiri amepata nafuu, mpaka alipomsikia akimwita Leonhard aje afunge dirisha. Hapo ndipo hofu ilipomshika kwelikweli. Alikwisha kumzika mmoja mwaka huu.

Aliuchomoa mtungi jikoni, akakaza valvu yake, akaukumbatia tumboni chini ya sweta. Chuma kilimchoma kwa baridi hata machozi yakamtoka.

"We mtoto, una wazimu?" bibi alinong'ona.

"Imelala, si ndiyo? Nakwenda kuiamsha."

Aliulea mtungi ule kama mtoto mchanga, akimpa mgongo bibi asije akaguswa na ubaridi wake, huku akimsemesha asisinzie. Muda ulikwenda. Alipoufunga tena kwenye jiko, alifungua dirisha kidogo hewa ipite, akapiga kiberiti. Ulimi mdogo wa buluu ulisimama. Aliyeyusha theluji sufuriani, akatia majani na sukari nyingi, akamnywesha kijiko baada ya kijiko.

Notburga alianza kutetemeka tena. Ornella alilia kwa furaha kumwona anatetemeka.

"Nilikudanganya," bibi alisema baadaye, akili zimemrudia. "Handaki siliogopi. Ila linapitwa upesi mno. Nilitaka siku nzima na wewe."

Ornella alimvuta karibu zaidi.

Kulipopambazuka upepo ulikuwa umetulia. Ornella alisimama mlangoni akagonga sufuria kwa mwiko: mapigo sita, kimya, mapigo sita tena, maana ndivyo milimani watu huomba msaada. Aligonga hadi mkono ukafa ganzi. Ndipo, kutoka bondeni, miluzi mitatu ikamjibu.

Alikuwa Kassian, mchungaji aliyetoka kutafuta kondoo waliofukiwa. Aliwatazama, akavua kofia.

"Nimekuja kutafuta kondoo, nimepata wanawake. Haya, niwateremshe upande gani? Vijiji viko mbali sawasawa. Kwenu wapi?"

Notburga alinyoosha mkono kusini, Italia, kwao Ornella. Papo hapo Ornella alinyoosha wake kaskazini, Austria, walikotoka.

Kassian alitazama mkono mmoja, akatazama wa pili. "Mama zangu, hata kondoo huelewana kuliko nyinyi. Amueni, miguu inaganda."

"Mpeleke kwao," bibi alisema. "Asihangaike na kikongwe."

"Kaskazini," Ornella alimwambia mchungaji. "Kwetu ni kule."

Notburga alilia waziwazi mbele ya mgeni, jambo ambalo hata kaburini kwa mwanawe hakulifanya.