Busta Iliyotoka Adu

Jua lilikuwa linazama tulipoteremka kuelekea sokoni Malindi, mimi na mke wangu Kadii, kwenda kwa fundi Jefwa kutafuta busta. Mimi nilibeba gita mgongoni. Yeye alibeba fungu la mchicha alilonunua njiani, kwa sababu kwake kwenda mjini na kurudi bila mboga ni uvivu mtupu.

Niseme mapema busta ni nini, maana hata mama yangu kule Mwingi hajapata kunielewa. Ni pedali, kijisanduku cha chuma kinachowekwa sakafuni, kati ya gita na amplifaya. Ukikikanyaga, sauti ya gita inaongezeka nguvu bila kubadilika. Na kama amplifaya ni ya zamani, zile zenye taa za kioo zinazowaka nyuma, basi taa zile hulemewa na kuanza kunguruma. Huo mngurumo ndio niliokuwa nautafuta. Mwaka jana, 1986, nilikuwa mpiga solo wa bendi ya hoteli moja ya ufukweni, na solo langu lilikuwa halisikiki. Nahashon, kiongozi wetu, aliniambia bila kuzunguka kwamba ngoma zinanifunika, Kadii ananifunika, na hata vijiko vya wageni vinanifunika.

Kadii ndiye aliyekuwa mwimbaji wetu. Ni mtoto wa Ganze, na sauti yake haikuhitaji kuongezewa chochote. Alipoimba, wahudumu walisimama na trei mikononi. Nilimpenda kwa sauti ile, na sioni haya kusema kwamba nilimwonea wivu kwa sauti ile ile.

Kibanda cha Jefwa kilijaa redio zilizofunguliwa matumbo, na harufu ya risasi ya kulehemu ilikaba koo. Kadii alimwamkia Kigiriama, wakaulizana habari za nyumbani mpaka nikachoka kusimama. Kisha Jefwa akawasha amplifaya yake ya taa, na wakati ikipata moto akapanga pedali tatu sakafuni.

Busta haichaguliwi kwa macho. Unapiga kitu kimoja kwenye kila pedali, ili ujue tofauti imetoka kwenye pedali na wala si mkononi mwako. Mimi nilichagua kiwimbo ambacho Kadii hukiimba chinichini akiosha vyombo. Ni kifupi, kitamu, na daima alikikatiza mahali pamoja, kama mtu aliyekumbuka chungu jikoni. Niliwahi kumwuliza kinaendeleaje. Akasema hajui, alikisikia akiwa mdogo.

Pedali ya kwanza ililia kama nyuki ndani ya kopo. Ya pili ilijaa mkwaruzo, na nyuzi nene zikawa uji. Kadii alikuwa amekaa juu ya kreti ya soda, anachambua mchicha mapajani, akanicheka.

"Wewe hata uletewe radi, utasema haitoshi."

Ya tatu haikuwa na jina wala rangi. Ilikuwa imekwanguliwa ikabaki chuma kitupu. Nikamwuliza Jefwa imetoka wapi. Akasema imeletwa na mtu wa Adu, na ilikuwa ya nduguye, mpiga gita aliyeitwa kwenye ngoma za pepo, kwani siku hizi kuna waganga wasioridhika na kayamba peke yake. Nilipomwuliza mwenyewe yuko wapi, akainama chini ya meza kutafuta waya.

Nilipaswa kuuliza mara ya pili. Lakini mikono ilikuwa inaniwasha.

Nikakanyaga.

Taa za kioo zikang'aa. Sauti ya kwanza ilitoka nene, ya mviringo, yenye joto, sauti niliyoitamani tangu nishike gita. Nikapiga kiwimbo mpaka pale Kadii anapokikatiza, nikazuia vidole.

Sauti haikuzuilika.

Ilibaki hewani... haipungui... haizimi. Mpiga gita hawezi kuacha sauti ikining'inia hivyo. Iliyofuata ilikuwa pale wazi mbele yangu, nikaipiga. Na iliyofuata. Nikaumaliza wimbo wote, wimbo ambao sikuwa nimewahi kuusikia mwisho wake.

Kicheko cha Kadii kikakatika.

Mabega yake yalianza kutetema, kidogo kidogo, kama mtu mwenye homa. Jani la mchicha likamtoka mkononi. Harufu ikaingia kibandani, harufu ya udongo mkavu ulionyeshewa mvua, na nje hapakuwa na hata wingu.

"Acha," Jefwa alinong'ona. "Acha kupiga."

Nikatoa mkono kwenye nyuzi. Wakati huo huo stima ikakatika mtaa mzima. Redio za majirani zikanyamaza, nikasikia watu wakilalamika kama kawaida yao. Giza likatufunika.

Lakini spika iliendelea.

Wimbo ule ule, tangu mwanzo. Nikauchomoa waya kwenye gita. Ukaendelea. Taa za kioo ziliwaka nyekundu gizani bila stima, na chini ya wimbo nikasikia mbegu zikitembea ndani ya matete... chaka... chaka... chaka... Kayamba. Halafu ikaja sauti ya mwanamke, juu ya yote, ikiimba vizuri kuliko nilivyowahi kusikia mtu akiimba. Ilikuwa sauti ya Kadii. Nikamgeukia. Mwanga wa zile taa ulimpiga usoni.

Mdomo wake ulikuwa umefungwa.

Kisha kimya. Stima ikarudi, redio za majirani zikaendelea na taarifa ya habari. Kadii alikuwa amekaa pale pale na mchicha wake mapajani, ananitazama. Nikamwita. Akaitikia kwa kichwa. Nikamwuliza kama anaumwa. Akafungua mdomo, na hakikutoka kitu, hata pumzi sikuisikia. Jefwa aliizoa pedali kwa kitambaa, asiiguse, akaisukumia ndani ya mfuko wangu. Hakutaka chochote kwangu isipokuwa tuondoke.

Daktari alimchunguza koo akasema ni zima, labda ni mshtuko, apumzike. Akapumzika. Alipika, alifua, alilala, lakini hakuimba tena, hata chinichini. Nilipokula alinitazama mdomo, kwa makini, kama mtu anayejifunza namna ya kula. Nilijiambia ni ugonjwa. Nilimwonea huruma, na nilimwogopa, na sikujua lipi lilitangulia.

Hotelini nilipiga bila mwimbaji. Utaniuliza kwa nini niliitumia pedali ile. Niliitumia kwa sababu nilipoikanyaga nilimsikia. Chini ya gita, mbali, uzi mwembamba wa sauti ya Kadii ulikuwa ukitoka kwenye spika ya amplifaya yetu ya taa. Wageni hawakuusikia. Wao walisikia gita tu, wakapiga makofi, na Nahashon akanishika bega akasema hatimaye nimekuwa mpiga solo. Nilikwenda nyuma ya jukwaa nikalia.

Ndipo nilipompeleka Ganze kwa mama yake, Kahonzi. Tulifika mchana, tumechoka kwa jua na mwendo mrefu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Akaleta kigoda kimoja, akanipa mimi. Akaleta maji, kata moja, akanipa mimi. Kadii alibaki amesimama juani, na mama yake hakumtupia hata jicho. Nikadhani ana hasira na binti kwa kuolewa na mtu wa bara. Nikamweleza yote.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanieleza kwamba Kadii akiwa mdogo alishikwa na pepo. Mganga akaleta watu wa kayamba, wakajaribu nyimbo, wimbo baada ya wimbo, kwa kuwa kila pepo ana wimbo wake na hainuki mpaka aitwe kwa ule wa kwake. Walipoufikia, mtoto akatetema mabega. Kawaida wimbo humalizwa, pepo akasema jina lake na anachotaka, akapewa, akatulia. Lakini yule alisema anachotaka kabla ya mwisho. Kahonzi akasikia, akamrukia mpiga kayamba, akamnyang'anya. Wimbo ukabaki nusu, na pepo akabaki nje, akingoja.

"Alitaka nini?" niliuliza.

Mama alimtazama binti yake kwa mara ya kwanza.

"Nyumba," akasema.

Nikamwuliza nifanye nini. Akaniambia nisiiuze ile pedali, wala nisiivunje. Sababu hakunipa. Tulipoondoka alinisindikiza mpaka njiani, akanishika mikono yote miwili, na machozi yalikuwa yanamtoka.

Kesho yake alasiri nilikuwa peke yangu katika ukumbi wa hoteli, mvua inanyesha, viti vimepinduliwa juu ya meza. Nikakanyaga pedali. Nikapiga sauti moja tu nikaiacha ining'inie. Ule uzi ukaja, ukakaribia, na safari hii haukuwa unaimba.

"Musyoka..."

Nikapiga magoti mbele ya spika. Nikamwita, nikamwambia nipo.

"Musyoka," akanong'ona. "Yule uliyempeleka kwa mama ni nani?"

Nyuma yangu mlango ulifunguliwa. Aliingia ameniletea chakula, kama anavyofanya kila siku, akaweka sufuria mezani. Akatembea taratibu, akanipita, akanyoosha mkono kwenye swichi ya amplifaya.

Nikamdaka mkono.

Ulikuwa mkono wa mke wangu, wenye joto, wenye kovu la kisu kwenye kidole gumba. Sikuweza kuukaza. Sikuweza kuuachia. Tulisimama hivyo, na kwenye spika Kadii alikuwa akiniuliza mbona nimenyamaza.

Amplifaya ile sijaizima tangu siku hiyo, nisije nikamnyamazisha Kadii. Ile ya Jefwa iliwaka bila stima, kwa hiyo sijui kama swichi ina maana yoyote, lakini sithubutu kujaribu. Nahashon anadhani nimerukwa na akili. Nyumbani tunaishi vizuri, mtu wa nje hawezi kujua. Ananipikia, ananifulia, na jioni anakuja ukumbini kuketi nyuma ya jukwaa, karibu na zile taa za kioo.

Taa za kioo haziishi milele, kila mpiga gita anajua. Malindi hazipatikani tena, na Jefwa amefunga kibanda, hakuna anayejua alikokwenda. Wiki hii moja kati ya taa nne za amplifaya yetu imeanza kufifia. Mimi niligundua juzi. Yeye alikuwa ameshaiona, kwa sababu jana usiku, nikipanga waya zangu, nilimkuta ameketi karibu nayo, anaitazama, na anatabasamu.