Aliyemfukuza Senteu

— Hyasinta, Senteu hakukukimbia. Mimi ndiye niliyemfukuza.

Walikuwa wakichuma kahawa shambani kwao Oldeani. Hyasinta akaliachia tawi. Akamgeukia kaka yake.

— Kaka Martini, unasema nini?

— Nilimwambia umerudiana na mchumba wako wa zamani. Nikamwambia unaona haya kumweleza mwenyewe, asikupigie tena.

— Kwa nini?

— Mama alikuwa kitandani. Ungeolewa mbali, Wasso, ningebaki naye na nani? Niliogopa, mdogo wangu.

Ndoa ya Hyasinta na Senteu ilikuwa imeshatangazwa kanisani. Senteu, bwana mifugo, Mmaasai wa Enguserosambu, alikuwa amepata nyumba Wasso na kumwambia jikoni kuna dirisha linalotazama milima. Halafu simu yake ikawa haipatikani. Hyasinta alitaka kumfuata, haya ikamzuia. Mwanamke anamfuataje mwanaume aliyemkimbia? Mama alifariki, mvua zikaja zikapita. Siku za mnada Karatu, alikuwa akiona mgongo mrefu kama wa Senteu mbele yake, anaufuata katikati ya watu, mwenye mgongo anageuka, si yeye.

Akatua kikapu, akaondoka.

Wiki nzima alimpikia Martini, akamwekea chakula mezani, hakumsemesha. Jumapili kanisani walipofika "kama tunavyowasamehe na sisi waliotukosea," sauti ikamkatika. Misa ilipokwisha, alibaki mbele ya msalaba.

— Bwana, sitaki kumsamehe. Nisaidie nitake.

Alilia mpaka akachoka. Alipotoka, alimkuta Martini ameketi nje, chini ya ukuta. Hakuwa amethubutu kuingia.

— Simama, kaka. Nimekusamehe.

— Hyasinta…

— Usidhani hainiumi. Inaniuma sana. Kesho ikiniuma tena, nitakusamehe tena.

Martini akajifunika uso kwa kofia yake.

— Na Senteu je?

— Utamwambia wewe mwenyewe. Uso kwa uso.

Kesho yake alfajiri Martini akapanda basi la Wasso, safari ya vumbi kutwa nzima. Jioni, ujumbe ukaingia kwenye simu ya Hyasinta kutoka namba ngeni:

"Kaka yako yuko hapa kwangu. Anayosema ni kweli?"

Akajibu: "Ni kweli. Sikurudiana na mtu."

Chai ikapoa mbele yake. Kisha simu ikaita.

— Hyasinta.

Ilikuwa sauti ile ile. Akakaa chini, sakafuni.

— Nipo.

— Nimekaa huku nikikuchukia. Lakini nikizalisha ng'ombe, ndama akasimama, wa kwanza ninayetamani kumsimulia ni wewe.

— Umeoa?

— Wazee walitaka kwenda kuniposea. Siku yenyewe nikawaambia warudi.

Hyasinta alifumba macho.

— Lakini huyu kaka yako, Hyasinta, siwezi hata kumtazama. Amekula, nimempa pa kulala, basi. Wewe umewezaje?

— Sikuweza. Niliomba. Yesu hakusubiri tuwe wema ndipo atusamehe, nikaona mimi ni nani? Sikulazimishi, Senteu. Ila ukija na hasira hiyo, itakaa ndani ya nyumba yetu kama mtu wa tatu.

Alimsikia akishusha pumzi.

— Nitasali. Siahidi zaidi ya hapo.

— Inatosha.

Kesho yake jioni wakafika stendi kwa basi moja, Senteu kiti cha mbele, Martini kule nyuma kabisa. Senteu akashuka. Alikuwa amekonda. Akasimama mbele ya Hyasinta aliyekuja kuwapokea, watu wakiwapita na mizigo.

— Umechoka? akauliza Hyasinta, machozi yakimtiririka.

— Nimekukumbuka sana.

Akamshika mikono yote miwili, akaing'ang'ania kifuani. Kisha akatazama nyuma. Martini alikuwa amesimama kando ya gurudumu, begi mkononi, kama mtu asiyejua aende wapi. Senteu alimtazama kwa muda mrefu.

— Shemeji, akaita. Njoo basi, utuongoze nyumbani.